Radhi Niliyomsingizia Mama

Kaa kwanza kabla hujaniaga, mwanangu usiye wa tumbo langu. Nakumbuka Ijumaa moja, tuko nyumbani kwa marehemu mama yangu, Wattaya, hapa Maskati. Sahani ya pilau imeshaondolewa, na mdogo wangu Rayya katandika karatasi kubwa juu ya busati. Ilikuwa kalenda ya mwaka uliokwisha, kaigeuza nyuma, kachora Andalusi yote kwa kalamu za rangi: Malaga buluu, Granada nyekundu, Kordoba kijani, Sevilla rangi ya machungwa. Baina ya mji na mji kaandika saa ngapi za kwenda kwa gari. Wanangu wawili wamelala kifudifudi, mmoja kulia kwake na mmoja kushoto, vichwa vitatu vimegusana. Mimi nimekaa kwenye kochi na kikombe changu cha kahawa, na hapana hata mmoja aliyeinua uso kunitazama.

Hapo ndipo wivu uliponiingia. Nakwambia waziwazi kwa sababu nimeshachoka kuupamba. Watu wakiulizwa husema, "Aa, mimi sikuona wivu, mimi niliona uchungu tu." Mimi niliona wivu. Nilihisi joto limenipanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

Wala usinicheke. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, na najua kwako wewe huo si ujana. Lakini leo nna sitini, na kila nikimtazama yule mwanamke wa siku zile namwona mtoto mdogo, tena mtovu wa adabu.

Ngoja nikueleze Rayya ni nani, usije ukamdhania vibaya. Nimempita miaka sita. Hakuolewa, walikuja waume, hakuwataka, na mama hakumlazimisha. Alikuwa akisomesha jiografia skuli ya wasichana, jioni anarudi kumwangalia mama, ambaye alikuwa na sukari na magoti yake yalikuwa hayamtii tena. Sisi wengine tukija Ijumaa tunakula, tunacheka, tunaondoka. Rayya ndiye aliyekuwa akizijua dawa, na saa za dawa, na mama anataka chai yake iwe vipi. Na wanangu walikuwa wakimpenda kupita kiasi. Walikuwa wakimwita Khalti, kama Waarabu wanavyomwita mama mdogo, na neno hilo lilikuwa halitoki midomoni mwao. Khalti kasema. Khalti anajua. Tumuulize Khalti.

Nasra alikuwa na miaka kumi na sita, Haitham kumi na minne. Kwangu mimi Nasra alikuwa na jibu moja tu: "Hamna kitu." Vipi skuli? Hamna kitu. Mbona umenuna? Hamna kitu. Halafu nafika Wattaya nawakuta yeye na Rayya jikoni, wanamenya viazi, mtoto anazungumza hata pumzi havuti. Nikiingia, ananyamaza. Na Haitham alipokuwa ananyanyaswa na wenziwe skuli, mimi mama yake, niliyemzaa, niliambiwa na Rayya. Alinivuta pembeni, kwa upole wake ule ule, "Dada, usimwambie kama nimekwambia." Yaani mwanangu ana siri, na siri yenyewe naazimwa kwa masharti! Roho iliniuma, wallahi, iliniuma mpaka nikawa namchukia kwa ule upole wake.

Sasa safari. Rayya tangu msichana alikuwa na hamu ya kuiona Andalusi. Hakuwa na hamu ya London wala ya Dubai, yeye Andalusi tu. Alikuwa akiwasimulia watoto mito ya huko inatoka wapi, maji yalivyopandishwa kilimani mpaka kwenye kasri ya Alhamra, michungwa ilivyopandwa njiani Sevilla na machungwa yake machungu hayaliki. Watoto wakaingia wazimu. Mwishowe baba yao, Khalfan, akasema mwaka huu likizo ya skuli twende sote, na Rayya awe kiongozi wetu, sisi wengine hatujui kitu. Mama akafurahi. Kaka yetu Suleiman, anayekaa Qurayyat, akasema atamchukua mama siku zote hizo, akale samaki wabichi na akaone wajukuu wa upande ule. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa.

Sawa kwa wao. Kwangu mimi kila siku ilikuwa msumari mpya. Wanakutana Ijumaa, wanabishana, wanacheka. Rayya kapanga miji minne, siku tatu kila mji. Nilipomuuliza mbona siku zote hizo mahali pamoja, akanijibu, "Dada, vijana hawa ukiwahamisha kila siku watakuchukia. Siku moja uwaonyeshe mambo, siku moja wazurure, siku moja uwaache walale mpaka adhuhuri." Watoto wakapiga makofi! Mimi mama yao ndiye ninayewaamsha kila asubuhi kwa makelele, na huyu anawapa ruhusa ya kulala wakiwa Hispania. Nikatabasamu, nikanywa kahawa. Rohoni nikasema, mwanangu, na nalisema tena mbele yako ulisikie lilivyo baya: hutokwenda.

Utaniuliza, ulimzuiaje mtu mzima? Sikiliza. Sisi tulilelewa hivi: mtu hasafiri bila ya radhi ya wazee. Hata kama tiketi umeshanunua, hata kama una mvi kichwani, unakwenda kwa mama, unainama, anakuwekea mkono kichwani, anakwambia, "Nenda, nna radhi nawe." Bila ya hilo mguu hautoki. Na mzazi akinyima radhi, hujadili. Humuulizi kwa nini. Unasema haya, unakaa. Rayya alikuwa katika hayo mgumu kuliko sote.

Tulikuwa tunakusanya paspoti za kupeleka kwenye viza. Nilipita Wattaya kuchukua ya Rayya, saa nne asubuhi, akatoka nje mpaka kwenye gari langu. Kapiga picha zake tayari, sita, akanionyesha, kaziweka ndani ya bahasha pamoja na paspoti. Alikuwa amependeza mno katika picha zile, anacheka kwa macho, maana mdomo hawakuruhusu. Alinipa bahasha dirishani. Mimi nikairudisha mkononi mwake.

"Rayya," nikamwambia, "mama kazungumza na mimi. Hana radhi uende."

Akanitazama tu. Nikaona lazima nijaze, uongo haupendi kukaa kimya. "Anaona haya kukwambia mwenyewe. Anasema Suleiman na mkewe hawamuwezi, lakini hataki ujue. Usimuulize, utamuumiza. Mwache tu."

Alisimama pale juani. Nyuma yake magari mapya kwenye maduka ya magari ya mtaa ule yanametameta. Kisha akasema, "Haya, Dada. Kama ndio radhi ya mama." Akaingia ndani na bahasha yake. Hakulia, hakuuliza. Nilijua hatouliza, ndiyo maana nikauchagua uongo ule.

Uongo mmoja haukunitosha, maana nilikuwa na watu wengine wa kuwaridhisha. Mama nikamwambia, "Rayya kaghairi, anasema kachoka, hataki safari na watoto." Mama akashangaa, akasema, "Kachoka? Hajaniambia." Nikamwambia, "Mwache, asije akaona unamsukuma." Watoto nikawaambia Khalti hawezi kumwacha Bibi. Khalfan nikamwambia hivyo hivyo. Kila mtu akachukua kipande chake akakaa nacho kimya, kwa adabu. Adabu yetu wenyewe ndiyo iliyonifichia uongo wangu, na mimi nikaona nimeshinda.

Nikauchukua mpango mikononi mwangu. Sasa hapa, mwanangu, kama nawe unapanga kuwapeleka vijana huko, tega sikio, maana najua ninachokisema. Ningeufuata mpango wa Rayya kama ulivyo, mambo yangekwenda. Lakini ningeufuata, watoto si wangesema ni safari ya Khalti? Sikutaka ibaki hata alama yake. Nikaongeza Ronda. Nikaongeza Kadizi. Siku tatu tatu nikazivunja. Miji sita kwa siku kumi, tukianza Malaga na kumalizia Granada, maana nilisikia kilicho kizuri huachwa mwisho. Ile siku ya kulala nikaifuta kwa mkono wangu. Nikapiga chapa ratiba, saa kwa saa, nikampa kila mtu nakala yake. Haitham akaisoma, akaniuliza, "Mama, chooni tunakwenda saa ngapi?" Nikamfokea.

Basi tukaenda. Julai ile, lo! Sisi watu wa Maskati tunajifanya tunalijua joto, lakini joto letu tunalikimbia, tunatoka kwenye gari tunaingia dukani. Kule tunalitembelea kwa miguu, mlimani, saa nane mchana, kwa sababu ratiba ya mama inasema hivyo, na wenyeji wenyewe wamefunga madirisha wamelala. Ronda tulilala usiku mmoja, Kadizi mmoja. Asubuhi ni kufunga mizigo, jioni ni kufungua. Vijana wakawa hawazungumzi na mimi wala wao kwa wao. Nasra kavaa vile vidude vya masikio tangu Malaga. Tukifika mahali pazuri, mimi nasema, "Tazameni, mashaallah!" wao wanatazama simu.

Ila kulikuwa na jambo moja la kuwaamsha. Sevilla, Haitham aliokota chungwa lililosalia la msimu uliopita chini ya mti, akalimenya, akalionja, akatema, akapiga kelele, "Kweli machungu! Khalti hakusema uongo!" Nasra akavua vidude vyake akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke Maskati. Wakaanza: Khalti alisema hivi, Khalti alisema vile, pale Khalti alitaka tupige picha. Mimi nimesimama na kofia yangu na ratiba yangu. Mtu yuko Wattaya, nimemwacha nyuma bahari mbili, na bado kasimama baina yangu na wanangu! Nikasema, tena kwa sauti, watu wakageuka, "Sitaki kumsikia Khalti tena mpaka turudi. Safari hii mmeletwa na mimi." Khalfan akaniambia taratibu, "Wewe una nini?" Nikamwambia sina kitu. Jibu lile lile la Nasra.

Kordoba kote, siku mbili, hawakumtaja. Na mimi sikufurahi. Niliona tu kwamba sasa wamekuwa na siri nyengine ya kunificha.

Tukafika Granada. Kesho yake asubuhi tukapanda kilimani kwenda Alhamra, sote tumevaa vizuri, hata vijana wameamka bila ya kugombezwa. Tukafika dirishani kwa tiketi. Yule dada wa tiketi akatutazama kwa huruma. Hakuna leo, akasema, wala kesho, wala wiki nzima. Watu wanakata miezi nyuma, na ndani ya yale makasri yenyewe mtu anaingia kwa saa yake iliyoandikwa. Nikamwambia sisi tumetoka Oman. Akasema karibuni sana, lakini hakuna.

Sasa ukumbuke, katika ile karatasi ya Rayya, pembeni ya Granada, kulikuwa na mstari mwekundu: "Tiketi za Alhamra, mapema!" Niliuona. Kwa kuwa ni mwandiko wake, nikaupita.

Haitham ndiye aliyesema, bila ya ubaya wowote, "Tumpigie Khalti. Atajua njia nyengine." Akapiga simu ya nyumba, Wattaya, akaweka sauti ya kusikia wote. Huko ilikuwa adhuhuri. Akapokea mama.

"Bibi, Khalti yupo?"

"Katoka kwenda kununua dawa zangu. Nyinyi mko wapi, wajukuu zangu?"

"Granada, Bibi. Tumekosa tiketi. Tulitaka kumuuliza."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye dukuduku. "Si angekuwa huko huko akakukatieni! Mimi sikumzuia. Nilikuwa nimeshafunga kibegi changu cha kwenda Qurayyat, mara naambiwa kaghairi, kachoka. Na tangu mwondoke hazungumzi na mimi, ananipa dawa, ananipa chakula, anatoka. Labda mimi ndiye niliyemchosha. Muulizeni mama yenu, yeye ndiye aliyezungumza naye."

Simu ikakatwa, au Haitham aliikata, sijui. Watu wanapita na tiketi zao mkononi. Nasra alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikuwa ananitazama sawasawa, machoni.

"Ulituambia Khalti hawezi kumwacha Bibi."

Nikafungua mkoba wangu, nikaufunga.

"Na Khalti ulimwambia nini, Mama?"

Ningeweza kubuni la nne, mwanangu. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini mtoto alikuwa ananitazama vile, nikashindwa. Nikamwambia. Pale pale juani nikamwambia, "Nilimwambia Bibi hana radhi."

Hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe," basi. Akamshika mdogo wake mkono, mvulana wa miaka kumi na minne aliyekuwa hataki kushikwa mkono na mtu, wakateremka kilima wawili wao. Khalfan akakunja ile ratiba akaitia mfukoni. "Haya utayasema mwenyewe kwa mama yako," akaniambia. "Mimi simo."

Alasiri ile tulikwenda mtaa wa upande wa pili, mahali pa juu ambapo watu husimama kuitazama Alhamra kwa mbali. Nilikaa nyuma yao. Nasra alikuwa anamwonyesha Haitham kwa kidole: pale maji yanapoingilia, pale mnara, pale bustani. Kila neno lilikuwa la Rayya. Na nikwambie ukweli wa aibu kabisa? Hata pale, nimeumbuka, nimevunjika, bado niliona wivu.

Tuliporudi Maskati sikungoja Ijumaa. Nilikwenda Wattaya siku ya pili tu, nikamkuta mama kakaa kitandani kwake, Rayya anampima sukari. Nikakaa chini, nikayasema yote, mbele yao wawili, bila ya kuyapunguza. Rayya aliacha kile kidude cha kupimia mkononi, akawa kama hasikii.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaraji atanitukana. Angenitukana ningepona upesi. Akasema, pole pole, "Mimi sina nyumba ya kukuachieni, hii ni ya kaka yenu. Sina dhahabu ya maana. Nilichonacho ni radhi yangu tu, na hiyo nilikuwa nampa kila mmoja wenu kwa mdomo wangu. Wewe umeichukua bila ya kuniambia, ukaifanya kufuli, ukamfungia mwenzio. Na siku zote hizi nimekaa nyumba moja na mwanangu, yeye ananidhania mimi ni mchoyo, na mimi namdhania kanichoka. Umetuuza sisi wawili kwa sababu watoto wako wanacheka na khalti yao. Wangecheka na nani? Ulitaka wacheke na nani?"



Kisha akageuka. "Rayya, njoo." Rayya akapiga magoti, mama akamwekea mkono kichwani. "Mimi sikukuzuia, mwanangu. Nna radhi nawe, leo na siku utakayokwenda, ikiwa niko hai au sipo." Ndipo Rayya alipolia. Alilia kwa sauti, mwanamke wa miaka thalathini na tisa, anasema, "Mimi nilidhani umeninyima, Mama, nilidhani umeninyima." Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, hakuna aliyenigusa, na sikustahili kuguswa.

Mwaka ule haukwisha mama akafariki, Allah amrehemu. Rayya hakumwacha hata siku moja mpaka siku ya mwisho. Mimi nilimwomba msamaha, akanisamehe, kwa maneno mazuri kabisa. Lakini kila mwaka nikimwambia, "Rayya, twende Andalusi, mimi na wewe, nitakukatia tiketi za Alhamra mwenyewe," ananijibu, "Siku nyengine, Dada." Miaka kumi na tano ya siku nyengine. Na hakuwa mkali. Anakuja kwangu, anakula kwangu, ananishonea nguo za Idi. Ila safari ile na mimi hakuitaka.

Nasra sasa ni mtu mzima, mganga wa meno, ana nyumba yake Mawaleh. Tumepatana, kazi ilikuwa kubwa lakini tumepatana. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mama, mimi na Khalti tunakwenda Hispania. Wawili tu. Siku kumi na mbili, miji minne." Nikangoja. Utajua nilingoja nini, mwanangu. Nilingoja aseme, na wewe njoo. Alisema, "Nimekwambia mapema usije ukasikia kwa watu." Nikamwambia inshaallah, kheri. Nikaweka simu, nikaenda jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Miaka sitini, mwanangu! Na kile kijoto kikapanda kutoka tumboni mpaka masikioni, vile vile kama Ijumaa ile. Usimsikilize mtu anayekwambia wivu unakufa kwa uzee. Wangu mimi uko hai, nnaishi nao nyumba moja.

Siku mbili kabla ya safari Rayya akaja kwangu, peke yake, kavaa baibui lake jipya. Sikumtaraji. Nikamtia kahawa, hakuinywa. Akashuka kutoka kwenye kiti, akakaa chini mbele ya magoti yangu, yeye na miaka yake hamsini na minne, na goti linamuuma kama la mama.

"Dada," akasema, "nimekuja kukuaga. Mama hayupo, wewe ndiye mkubwa wetu. Radhi siku hizi ziko kwako." Akanyanyua uso. "Safari hii nataka kuzisikia kwa mdomo wa mwenyewe."

Hakuyasema kwa kunichoma. Au labda alinichoma, nna haki gani ya kulalamika? Niliutazama ule utosi wake, mvi zimejaa. Nasra wangu yuko naye, safari yangu wanakwenda wao, na mimi ndiye ninayetakiwa niwafungulie mlango. Mkono wangu ulikuwa mzito, wallahi. Nilitaka kusema, na mimi je?

Nikauweka mkono kichwani mwake. Nikasema, "Nenda, Rayya. Nna radhi nawe. Nenda na Nasra, mcheke." Sauti yangu ilikatika kwenye neno mcheke, na yeye akaishika miguu yangu, tukakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Leo wako Granada. Asubuhi hii Nasra kaniletea picha kwenye simu: Rayya kasimama ndani ya Alhamra, ubavuni mwa maji, na safari hii mdomo wake uko wazi anacheka. Nimeitazama mara ngapi sijui. Roho imeniuma, na nimefurahi, yote mawili, na sikumwambia mtu ni lipi lililokuwa kubwa.

Basi, mwanangu, nakuusia haya. Wivu ukikujia, usijifanye hulijui jina lake. Uite wivu, mwambie mumeo, mwambie dada yako, mwambie hata yule unayemwonea. Aibu yake ni ya siku moja. Lakini usiende kuutafutia neno la mzazi wala neno la dini la kuufunikia, ukawafungia wenzio njia kwa jina la mtu ambaye hakusema. Neno la mzazi lichukue kama ulivyopewa, na kama hukupewa, nyamaza. Mtu akiwapenda wanao, wakampenda, mshukuru kwa sauti, hata kama sauti inakatika. Na ukipanga safari na vijana, wape siku ya kulala, kata tiketi mapema, na mchukue yule wanayetaka kucheka naye.

Allah akupe wanao wenye watu wengi wa kuwapenda, na akupe moyo wa kuwaona wakipendwa mbele ya macho yako bila ya kugeuza uso. Akufikishe unakokwenda, akurudishe kwako salama, na kila atakayekuja kuinama mbele yako kukuaga, mkono wako uwe mwepesi kuliko wangu. Nenda, mwanangu. Nna radhi nawe.